Unaenda Ujerumani? Uliza kwanza kodi ya mji

Ukipita Monrovia Street jioni, pale Maendeleo House, utawaona wakitoka darasani Goethe. Vijana wa rika letu, begi mgongoni, wanabishana kama neno fulani ni der au das huku wakikimbilia matatu kabla nauli haijapanda. Waulize wanaelekea wapi na jibu ni moja: Ujerumani. Waulize mji gani na wengi watakukodolea macho. "Popote, bro. Bora nifike."

Leo nina maneno na huyo wa "popote".

Najua kwa nini tunajibu hivyo. Ukiwa Nairobi, umemaliza shule au umeacha chuo njiani kama mimi, na kila kazi inayotangazwa inataka digrii na uzoefu wa miaka mitano, halafu ikatokea nchi inakwambia njoo na KCSE yako na Kijerumani chako, tutakufunza kazi huku tukikulipa, huwezi kuanza kuchagua mitaa. Hiyo ndiyo Ausbildung: mafunzo ya kazi, kwa kawaida miaka mitatu, darasani na kazini kwa zamu, na mshahara unaingia kila mwezi. Uuguzi, hoteli, umeme, magari, hata kuoka mikate. Mwenye njaa haulizi sahani ni ya rangi gani.

Lakini hapa sahani ndiyo itakayoamua kama utashiba. Nitakuonyesha kwa hesabu.

Kwanza tuondoe uongo mmoja mezani. Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin mnamo Septemba 13, 2024, Rais Ruto na Chansela wa wakati huo Olaf Scholz wakiwepo, nambari ya nafasi 250,000 za kazi ilisambaa kwenye simu zetu kama moto wa nyika. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilijitokeza na kukanusha: mkataba hauna idadi yoyote ya wafanyakazi ndani yake. Kwa hivyo hakuna kiti kilichoandikwa jina lako. Unatuma maombi kwa mwajiri, mmoja mmoja, mnahojiana kwa video, na yule anayekukubali ndiye anayekupa mkataba unaoupeleka ubalozini. Maana yake ni kwamba mji huuchagui ukifika. Unauchagua ukiwa bado Umoja au Kahawa West, siku unapoamua barua ipi uitume wapi.

Na ukishachagua, umechagua. Kibali chako cha kuishi kinafungwa na mafunzo hayo, kwa mwajiri huyo. Ukitaka kuhama katikati, lazima kwanza upate mwajiri mwingine wa kukupokea na idhini ya ofisi ya wageni. Inawezekana, ila si kama kuhama keja ya Githurai kwenda Roysambu na kirikuu cha jirani siku ya Jumapili.

Sasa hesabu. Chukua uuguzi, maana ndiko wengi wetu tunakoelekea. Hospitali za umma Ujerumani hulipa wanafunzi wa uuguzi kwa kiwango kimoja kilichokubaliwa na chama cha wafanyakazi. Kuanzia Aprili 2025, mwaka wa kwanza ulikuwa yuro 1,415 hivi kwa mwezi kabla ya makato. Toa bima ya afya, pensheni na mengine, mkononi unabaki na kama 1,100. Ukizidisha kwa shilingi 150, hiyo ni 165,000. Najua umeshtuka. Hata mimi nilipoipiga mara ya kwanza niliipiga tena.

Kiwango hicho ni kile kile Munich, kile kile Dortmund, kile kile Chemnitz. Hapo ndipo wengi hawaoni. Sisi tumezoea kima cha chini cha mshahara kinachotofautiana: Nairobi na Mombasa vina chao, miji midogo chake. Kwa hivyo kichwani tunajua kwamba mji ghali hulipa zaidi. Ujerumani, kwa mtu anayeanza, mara nyingi haifanyi hivyo. Hata kima cha chini cha kisheria ni kimoja nchi nzima, yuro 12.82 kwa saa mwaka 2025 na 13.90 kuanzia Januari 2026. Wapo waajiri wa Munich wanaoongeza posho ya gharama za mji, na Mungu awabariki, lakini posho hiyo haizibi pengo ninalotaka kukuonyesha.

Chumba kimoja Munich, na hapa nasema chumba ndani ya nyumba mnayoshiriki na wengine jikoni na bafuni, kinaelekea yuro 800 kwa mwezi. Frankfurt, Berlin na Hamburg ni 600 na kitu. Dortmund, Bochum, Essen au Duisburg unapata kwa karibu 400. Leipzig vivyo hivyo, ingawa inapanda. Chemnitz na Magdeburg utapata hata kwa 300 na kitu kidogo.

Sasa rudi kwenye zile 1,100. Ukiwa Munich, baada ya kodi umebaki na 300. Tiketi ya mwezi ya usafiri, ile inayoitwa Deutschlandticket, ilianza kwa yuro 49 mwaka 2023, ikawa 58 mwaka 2025 na sasa ni 63. Chakula, ukijipikia na ukijua duka la bei rahisi liko wapi, 200. Simu, sabuni, koti la baridi maana lile la Gikomba halitoshi. Umeisha. Na mama anapiga simu kuuliza mbona mtu wa majuu hatumi kitu.

Ukiwa Dortmund, baada ya kodi umebaki na 700. Toa tiketi, toa chakula, toa simu, bado una zaidi ya 350. Unaweza kutuma yuro 150 nyumbani, yaani kama 22,500, na ukabaki na akiba. Kazi ni ile ile, kitabu ni kile kile, mgonjwa ni yule yule anayekuita usiku. Tofauti ni mji tu. Kwa miaka mitatu, tofauti ya yuro 400 kila mwezi ni yuro 14,400. Zidisha mwenyewe, mimi nitasubiri.

Halafu huo ni uuguzi, wenye mshahara mzuri kuliko mafunzo mengi. Kima cha chini cha kisheria kwa mwanafunzi wa Ausbildung aliyeanza mwaka 2025 ni yuro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Si wengi wanaolipwa kidogo hivyo, lakini kuna kazi ambazo hazifiki mbali sana na hapo. Ukipewa mkataba wa namna hiyo katika mji ghali bila nyumba ya mwajiri, ujue unaenda kulala kwenye kochi la mtu. Ni kweli kwamba tangu Machi 2024 sheria inaruhusu mwanafunzi wa Ausbildung kufanya kazi ya kando hadi saa 20 kwa wiki. Jaribu kuifanya baada ya zamu ya usiku wodini, na mtihani wa anatomia kwa Kijerumani Jumatatu asubuhi. Tuzungumze baadaye.

Kwa hivyo jibu rahisi ni kwenda kule kodi iko chini kabisa, sivyo? Chemnitz, Magdeburg, Gera, twende kazi?

Hapa natulia kidogo, maana ndipo maajenti wanapotuuzia nusu ya habari.

Bei ya nyumba haishuki bure. Miji mingi ya mashariki, ile iliyokuwa Ujerumani ya kikomunisti hadi mwaka 1990, ilipoteza watu baada ya ukuta kuanguka. Viwanda vilifungwa, vijana wakahamia magharibi kutafuta kazi, kama vile wetu wanavyotoka Busia na Kitui kuja Nairobi. Nyumba zikabaki tupu, zile ghorofa ndefu za zege zinazofanana, nyingine zikabomolewa. Leipzig peke yake ilipungukiwa na wakazi karibu laki moja katika miaka ya 90 kabla ya kufufuka. Chumba cha yuro 300 kinatoka kwenye historia hiyo. Kipo kwa sababu aliyekuwa akilala humo aliondoka.

Waliobaki wengi wao hawakuwahi kuishi na mgeni mlango kwa mlango. Wageni walikuwepo, tusisahau. Kuanzia mwaka 1979 maelfu ya vijana wa Msumbiji walipelekwa Ujerumani Mashariki kwa mkataba wa serikali kufanya kazi viwandani. Waliwekwa kwenye mabweni yao wenyewe, mbali na wenyeji, na sehemu ya mshahara wao ilikatwa kwa ahadi kwamba wangelipwa wakirudi nyumbani. Wengi hawakuiona pesa hiyo yote, na wameandamana Maputo kwa miaka mingi wakiidai. Ukiambiwa na mtu kwamba mkataba kati ya serikali mbili ni ulinzi tosha, mwambie akatafute habari za hao watu.

Tuseme ukweli bila kuzungukazunguka: chama cha AfD, ambacho siasa yake kubwa ni kupinga wahamiaji, kilipata karibu thuluthi moja ya kura katika jimbo la Thuringia mnamo Septemba 2024 na kuibuka cha kwanza. Saxony, jimbo la Chemnitz na Leipzig, kilipata karibu asilimia 31. Katika uchaguzi wa taifa wa Februari 2025 kilipata zaidi ya asilimia 20 nchi nzima, na ngome yake ilikuwa mashariki. Chemnitz ndiyo iliyotikiswa na maandamano ya kupinga wageni mnamo Agosti 2018, ikaonekana kwenye runinga za dunia nzima. Mji huo huo umekuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya mwaka 2025, na una watu wema wengi waliopigana kuusafisha jina. Yote mawili ni kweli.

Sisemi usiende mashariki. Wapo Wakenya wanaoishi huko vizuri, na Leipzig hasa ni mji wa wanafunzi, wa muziki, wenye watu zaidi ya laki sita, ambako mtu mweusi kwenye tramu si habari. Ninachosema ni kwamba unapolinganisha kodi, ongeza safu ya pili kwenye daftari. Utakapotoka zamu saa tano za usiku, utatembea peke yako mpaka nyumbani? Kuna kanisa au msikiti ambako utamkuta hata Mghana mmoja au Msomali mmoja? Nani atakusuka nywele, na ni treni ngapi mpaka kwake? Dada mmoja ninayemfahamu, yuko mji mdogo wa mashariki, aliniambia kodi yake ni ya chini mno hata anaona haya kuitaja. Lakini kila wikendi anapanda treni saa mbili na nusu kwenda Berlin, kwa sababu asipoenda, anapitisha siku mbili bila kutamka neno kwa mtu. Upweke una gharama zake, hata kama hauandikiwi risiti.

Na kuna kitu kibaya zaidi ya mji mdogo wa mashariki: kijiji chochote, upande wowote. Nyumba nyingi za kutunzia wazee ziko vijijini, na ndizo zinazolia zaidi kwa uhaba wa wafanyakazi, kwa hivyo ndizo zinazokubali barua yako haraka. Mazingira mazuri, ng'ombe, milima, picha kali za Instagram. Basi linapita mara chache kwa siku na Jumapili halipiti kabisa. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Utahitaji gari, na leseni ya Ujerumani inagharimu maelfu ya yuro. Ile nafuu ya kodi imeshamezwa.

Sasa nikwambie ningetuma barua zangu wapi.

Ruhr. Jina halina mvuto, najua. Hakuna anayejipiga selfi na kusema "finally Gelsenkirchen". Ni eneo la magharibi ambalo miji yake imeshikana kama Kasarani na Mwiki: Duisburg, Essen, Bochum, Dortmund na mingine, watu milioni tano kwa jumla. Lilikuwa eneo la makaa ya mawe na chuma. Mgodi wa mwisho wa makaa, Prosper-Haniel kule Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Kazi za migodi zilipoisha, pesa ziliondoka na kodi ikabaki chini. Kwa hivyo bei nafuu ya huku nayo imetokana na kuanguka, kama mashariki. Tofauti ni nani alikuwa akiishi hapo.

Migodi ile haikuchimbwa na Wajerumani peke yao. Walikuja Wapolandi karne ya 19, wakaja Waitaliano, kisha Waturuki baada ya mkataba wa Oktoba 1961. Wakaja vijana wa Korea Kusini miaka ya 60, wanaume migodini na wanawake wakiwa wauguzi hospitalini. Soma tena hapo: wauguzi, kutoka nchi iliyokuwa maskini, kwa mkataba, Ujerumani. Wewe si wa kwanza kupita njia hii. Mji ambao bibi wa jirani ni Mturuki wa kizazi cha kwanza, muuza mboga ni Msyria na daktari ana jina la Kipolandi, umeshazoea lafudhi ngeni. Ukikosea der na das sokoni Dortmund, muuzaji naye anakosea, mnaelewana, maisha yanasonga. Maharagwe, mihogo, unga mweupe wa mahindi vinapatikana kwenye maduka ya Waafrika. Hilo nalo ni sehemu ya gharama ya maisha, na mtu asikudanganye. Miezi sita ya mkate baridi jioni itakumaliza kuliko theluji.

Lakini sitakuuzia Ruhr kama ajenti. Ajira kwa jumla ni ngumu kule kuliko kusini mwa nchi, mitaa mingine imechoka, na Gelsenkirchen, mji wa Schalke, ndiko AfD ilikoongoza kwa kura za vyama mnamo Februari 2025 ingawa ni magharibi. Hakuna pahali pasipo na doa. Faida yako ni kwamba miji imeshikana: mtaa ukikukera, unahamia mji wa pili, na kazi unabaki nayo, kwa sababu treni ni dakika ishirini.

Hapo ndipo ile tiketi ya yuro 63 inapokuwa silaha. Inapanda basi, tramu na treni zote za mikoa nchi nzima, isipokuwa zile za kasi za safari ndefu. Mtu mwenye mafunzo Düsseldorf, mji wa matajiri, anaweza kulala Duisburg na kufika kazini kwa muda mfupi kuliko wewe unavyotoka Rongai hadi tao siku isiyo na mvua. Tunalijua jambo hili tangu utotoni. Nani kati yetu anafanya kazi Westlands na analala Westlands? Unapanga Ruaka, unapanga Kinoo. Sijui kwa nini tukipanda ndege tunasahau akili ya Rongai.

Nadhani ninajua. Ni kwa sababu miji ya Ulaya tunaijua kwa mpira na sinema. Munich ni Bayern. Berlin ni Berlin. Rafiki yangu mmoja alikataa nafasi Bochum akisema hataki kuwaambia watu kwao jina wasilolijua. Akaenda mji mkubwa. Anaishi mbali nje ya mji huo, saa moja na robo kwa treni kila upande, kodi 620, na picha zake zote amepiga katikati ya mji. Mimi nampenda huyo jamaa, lakini picha ni ghali.

Kuna watu wengine wanaofaidika tukisema "popote". Ajenti anayechukua laki mbili au tatu kutoka kwa familia iliyouza shamba hana haja na kodi ya mji wako. Anakupeleka kule mwajiri aliko tayari kumalizana naye, na mara nyingi ni pale ambapo Wajerumani wenyewe wamekataa kwenda. Ukiuliza mji, anakwambia "utajua ukifika". Mtu akikujibu hivyo, chukua karatasi zako utoke. Unaweza kutuma maombi mwenyewe. Nafasi zinatangazwa hadharani mtandaoni na shirika la ajira la serikali ya Ujerumani, na hazitozi hata senti. Kinachohitajika ni Kijerumani cha kweli, angalau B1, na kwa uuguzi waajiri wengi wanataka B2. Hicho hakuna ajenti anayeweza kukununulia.

Mambo ya nyumba yenyewe, niyapitie haraka kwa sababu yamewaumiza wengi. Tangazo la nyumba lina bei mbili. Kaltmiete ni kodi baridi, kuta tupu. Warmmiete ni pamoja na joto, maji na takataka, na ndiyo utakayolipa kweli. Umeme na intaneti mara nyingi viko nje ya zote mbili. Ukiona bei tamu mno, angalia ni ipi kati ya hizo. Amana kwa sheria haizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Wenye nyumba wengi hawatakwambia hilo. Kuna pia ada ya redio na runinga, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na TV au usiwe nayo. Mkiwa wanne ndani ya nyumba moja, mnagawana.

Na usitume amana kabla mtu unayemwamini hajaingia ndani ya nyumba hiyo na kugusa ukuta. Mwenye nyumba "aliyesafiri nje ya nchi" ambaye atakutumia funguo kwa posta ukishalipa, huyo ni ndugu wa yule aliyekuuzia iPhone kwenye mtandao ikaja sabuni.

Anwani pia ni zaidi ya pahali pa kulala. Ukihamia lazima ujiandikishe kwenye ofisi ya mji, wanaita Anmeldung, na unahitaji barua ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unaishi hapo. Nambari ya kodi ya mapato inakuja kwa posta kwenye anwani hiyo, benki nyingi zinaitaka, ofisi ya wageni inaitaka. Kochi la binamu ambalo mwenye nyumba hajui uko hapo halitoi barua. Katika mji ambako vyumba havipatikani, unaweza kukaa wiki na wiki bila anwani, na bila anwani mambo mengine yote yanasimama. Kwa hivyo urahisi wa kupata chumba una uzito sawa na bei yake. Chumba cha 400 ambacho watu mia wanakigombania hakikusaidii.

Njia fupi ni mwajiri mwenye nyumba ya wafanyakazi. Hospitali kadhaa zina mabweni ya wanafunzi wao, hata kwenye miji ghali, na hapo hesabu yangu yote ya Munich inabadilika: ukipewa chumba cha 350 ndani ya uwanja wa hospitali, nenda Munich na usalimie Bayern. Ila uliza kama chumba ni cha miaka yote mitatu au ni cha miezi sita ya kwanza, kisha wakutoe nje ukapambane na soko. Wengi wamefurahia sentensi ya kwanza ya mkataba bila kusoma ya pili.

Mahojiano ya video yakifika mwisho, yule mama wa rasilimali watu atakuuliza kama una swali. Wengi husema "nein, danke" na kutabasamu. Sema hivi: Gibt es ein Wohnheim, wie hoch ist die Warmmiete, und wie lange darf ich bleiben? Yaani, kuna bweni, kodi pamoja na joto ni ngapi, na ninaweza kukaa kwa muda gani? Irudie mbele ya kioo hadi ulimi uache kugonga meno kwenye hiyo "wie hoch". Halafu siku hiyo hiyo, kabla hujajibu barua yao, fungua ramani, weka anwani ya hospitali, weka anwani ya chumba, na uangalie treni ya mwisho usiku wa Jumapili inaondoka saa ngapi.